Kidonge, Limau na Sahani: Historia Fupi ya Vitamini C na Kifua Kikuu cha Ubongo, Nikiitazama Kutoka Lagangabilili

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani Lagangabilili kwa mapumziko ya chuo. Kwa msomaji asiyeifahamu sehemu hiyo, ni makao makuu ya Wilaya ya Itilima katika Mkoa wa Simiyu. Mkoa wenyewe ulizaliwa mwaka 2012, ulipomegwa kutoka Shinyanga pamoja na kipande cha Mwanza, na Itilima nayo ikamegwa kutoka Bariadi. Watu wa rika langu bado tunajitambulisha kuwa watu wa Bariadi, kwa sababu ndivyo vyeti vyetu vinavyosema.

Jioni ya pili shangazi yangu alikuja akiwa na simu mkononi. Alikuwa ametumiwa ujumbe unaosambaa: kwamba vitamini C inaua vimelea vya kifua kikuu, kwamba wanasayansi wa Marekani wamekwisha kuthibitisha, na kwamba hospitali zinaficha ili dawa ziendelee kununuliwa. Hakuwa ameuleta kwa udadisi wa kawaida. Mjukuu wake, ambaye leo ana miaka 11, aliugua akiwa na miaka 3. Ilianza homa isiyoisha, kisha kutapika, kisha mtoto akawa hataki kucheza. Kwa majuma matatu alitibiwa malaria mara mbili. Alipoanza kukakamaa, majirani walisema ni degedege, akapelekwa kwa mganga. Alipofikishwa hospitali iliyoweza kumtoa maji ya uti wa mgongo na kuyapima, alikuwa hajitambui. Kilikuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye tando za ubongo. Alimeza dawa mwaka mzima, akapona, kwa maana ya kwamba vimelea viliisha mwilini. Lakini sikio moja halisikii, na mguu wa kulia anauburuta.

"Mwanangu," shangazi aliniuliza, "wewe ndiye uliyesoma. Kama ningempa malimau tangu siku ya kwanza, leo angetembea kama wenzake?"

Mimi si daktari wa tiba. Shahada yangu ya uzamivu ni ya historia, jambo ambalo ukoo wangu haujawahi kulielewa sawasawa, kwa hiyo kila mwenye maumivu ya mgongo huletwa kwangu. Nilimjibu kwa kifupi kwamba hapana, na kwamba kosa si lake. Nikaona machoni mwake kuwa jibu halikutosha. Makala hii ndiyo jibu refu. Nimeiandika kwa ajili yake, na pia kwa ajili yenu wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu, kwa sababu swali lake ni la kihistoria kuliko alivyodhani. Ni swali la jinsi chakula kilivyowahi kuwa tiba ya kifua kikuu, kikaondolewa wodini, na sasa kinarudi kwa mlango wa nyuma kikiwa na umbo la kidonge au la uvumi.

Moto kwenye tando za ubongo

Ugonjwa wenyewe ulielezwa mapema. Mwaka 1768 yalichapishwa maandishi ya Robert Whytt, daktari wa Edinburgh, kuhusu watoto waliougua homa ya muda mrefu, wakatapika, wakaumwa kichwa, wakapoteza fahamu, na wakafa maji yakiwa yamejaa kichwani. Hakujua chanzo chake. Kilijulikana baada ya tarehe 24 Machi 1882, siku ambayo Robert Koch alitangaza mjini Berlin kuwa amemwona bakteria wa kifua kikuu. Tangu hapo ikaeleweka kwamba bakteria yule yule anayekula mapafu anaweza kusafiri katika damu hadi kwenye tando zinazofunika ubongo, akakaa kimya, kisha akawasha moto.

Neno moto si pambo hapa. Bakteria peke yake hauharibu ubongo kwa kasi ile. Sehemu kubwa ya uharibifu hutokana na vita vyenyewe. Askari wa mwili hupigana kwa kumwaga kemikali kali zinazotokana na oksijeni. Oksijeni ni uhai, lakini ndiyo pia inayokula chuma kikawa kutu. Kemikali hizo zinapozidi uwezo wa mwili wa kuzituliza, seli za mwenye mwili nazo huungua pamoja na adui. Hali hiyo wataalamu huiita mkazo wa oksidishaji. Ubongo una hatari ya pekee, kwa kuwa ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, na umejaa mafuta ambayo huoksidishwa kwa urahisi. Mishipa ya damu iliyo chini yake huvimba na kuziba, njia za maji hufungwa, na ndipo mtoto huamka hasikii au hawezi kuinua mguu.

Hapo ndipo vitamini C inapoingia katika kisa hiki. Mbuzi na ng'ombe hujitengenezea vitamini C ndani ya miili yao. Binadamu hawezi, sharti aile. Na katika kuigawa ile kidogo anayoila, mwili wake huupendelea ubongo kwa namna ya ajabu. Kiasi cha vitamini C katika maji yanayouzunguka ubongo huwa mara kadhaa ya kile kilichomo katika damu, na mwili unapopungukiwa, ubongo huwa wa mwisho kuachia akiba yake. Msukuma angeelewa mara moja: ni kihenge kinachojazwa wakati wa mavuno kwa ajili ya siku ya njaa. Kazi yake mojawapo ni kuzituliza zile kemikali za vita. Uchunguzi wa wagonjwa wa kifua kikuu cha ubongo, hasa nchini India, umeonyesha kuwa alama za uharibifu wa oksidishaji hupanda huku kinga za mwili dhidi yake zikishuka. Kihenge kinaliwa haraka kuliko kinavyojazwa.

Kwa hiyo shangazi hakuuliza swali la kipuuzi. Limau lina uhusiano na ugonjwa ule. Suala ni uhusiano wa namna gani.

Zama ambazo sahani ilikuwa dawa

Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika jozi sita na kuipa kila jozi tiba tofauti. Jozi iliyopewa machungwa na malimau ndiyo iliyoinuka upesi. Alichapisha kitabu chake mwaka 1753. Jeshi la majini lilianza kutoa maji ya limau kwa mabaharia wote mwaka 1795. Hesabu mwenyewe: miaka 42 tangu kitabu kitoke hadi serikali itende. Huwa ninawasimulia wanafunzi wangu kisa hiki si kwa sababu ya limau bali kwa sababu ya hiyo miaka 42. Maarifa hayaokoi mtu mpaka yapate bajeti.

Mwaka 1928 Albert Szent-Györgyi alifanikiwa kuitenga kemikali yenyewe, na mwaka 1932 ikathibitika kuwa ndiyo vitamini C. Mara moja watafiti wa kifua kikuu waliikimbilia. Mwaka 1933 ilichapishwa nchini Marekani taarifa ya majaribio ya simbilisi, mnyama ambaye kama sisi hawezi kujitengenezea vitamini C. Simbilisi walilishwa makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Wengi wa wale walionyimwa vitamini C walipata vidonda vya kifua kikuu tumboni. Kati ya walioipata ya kutosha, waliougua hivyo walikuwa wachache sana.

Jaribio hilo liliangukia katika dunia ambayo tayari iliamini chakula. Dawa za kuua bakteria hazikuwapo. Tiba ya kifua kikuu ilikuwa hewa safi, mapumziko, maziwa, mayai na nyama, katika hospitali za pekee zilizojengwa milimani. Kwetu hospitali ya namna hiyo ilikuwa Kibong'oto, iliyoanzishwa mwaka 1926 chini ya Mlima Kilimanjaro, na ambayo hadi leo ni hospitali maalumu ya magonjwa ambukizi. Lakini tusiyaremeshe mambo ya kale. Mgonjwa wa mapafu aliyelishwa vizuri aliweza kupona. Mgonjwa wa ubongo, alishwe asali au alishwe machungwa, alikufa. Karibu wote walikufa. Hili ni jibu la kwanza kwa shangazi: katika zama ambazo chakula ndicho kilichokuwa dawa pekee, hakikuwahi kuuzima moto ule ulipokwisha kuwaka.

Chakula kinatolewa wodini

Streptomaisini iligunduliwa mwaka 1943, na kwa mara ya kwanza baadhi ya watoto wenye kifua kikuu cha ubongo wakaanza kuishi. Mwaka 1952 ikaja isoniazidi, ambayo hupenya vizuri hadi kwenye maji ya ubongo. Kisha ukafanyika utafiti ambao kwa maoni yangu ndio uliobadilisha sera ya kifua kikuu kwa mataifa maskini yote. Mjini Madras, India, kuanzia mwaka 1956, wagonjwa maskini waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walilazwa katika hospitali ya pekee, wakapumzika na kula vizuri, wengine walitibiwa nyumbani, katika vibanda vilivyosongamana, wakila chakula hafifu na wengi wakiendelea na kazi. Wote walimeza dawa zile zile. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1959 yalionyesha kuwa walipona karibu sawasawa.

Ulikuwa ukombozi. Taifa maskini halikulazimika tena kujenga majumba milimani. Lilihitaji dawa, zahanati na mtu wa kuhakikisha zinamezwa. Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji katika safari hiyo. Majaribio ya pamoja kati ya Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambayo matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, yalionyesha kuwa dawa zenye rifampisini au pirazinamidi zinaweza kukamilisha kwa miezi 6 kazi iliyokuwa ikichukua mwaka na nusu. Miili ya wagonjwa wa kwetu iko ndani ya kila kidonge kinachomezwa leo duniani. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ukisaidiwa na Karel Styblo, na mfumo uliojengwa hapa ukawa mfano ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza ulimwenguni kote katika miaka ya 1990.

Haya ni mafanikio, na sitaki mtu asome makala hii akayabeza. Lakini kila ushindi wa kisera huacha kitu njiani. Madras ilithibitisha kwamba dawa huponya hata mwenye njaa. Watawala walisoma kwamba njaa haihusiki. Utafiti haukuuliza nani anaugua kwanza, wala nani anapona akiwa mzima na nani anapona akiwa kilema.

Kwetu Tanzania mgawanyo huo ulikaa hata katika samani za ofisi. Miaka ile ile ya 1970 ilikuwa miaka ya chakula. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mwaka huo huo kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya wanavijiji kwa mamilioni kuzunguka redio, na mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Wazee wa Lagangabilili bado wanazikumbuka. Lakini lishe ilikuwa na dawati lake na kifua kikuu kilikuwa na dawati lake, na mgonjwa mmoja mwenye njaa na kikohozi alihudumiwa kama watu wawili wasiofahamiana.

Chakula kinarudi kama kidonge

Ukimwi ndio uliolazimisha madawati hayo kuzungumza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wodi zilipojaa wagonjwa waliokonda wenye VVU na kifua kikuu kwa pamoja, watafiti wa kwetu na wenzao wa nje walirudi kwenye swali la mwaka 1933, safari hii kwa binadamu.

Jijini Mwanza, ambako sisi wa Simiyu tumezoea kupeleka wagonjwa wetu, watafiti wa taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu na wenzao wa Denmark waliwapa wagonjwa wa kifua kikuu cha mapafu zinki, au mchanganyiko wa vitamini na madini wenye vitamini C ndani yake, au vyote viwili, au vidonge visivyo na kitu. Wote waliendelea na dawa zao. Taarifa ya mwaka 2005 ilionyesha kuwa vitamini hazikuharakisha kuisha kwa bakteria katika makohozi. Lakini waliopata zinki na mchanganyiko kwa pamoja waliongezeka uzito kwa takriban kilo 2.4 zaidi ya wenzao. Jijini Dar es Salaam utafiti mwingine wa wagonjwa 887, uliochapishwa mwaka 2008, ulitumia mchanganyiko wa vitamini A, B, C na E pamoja na seleniamu. Vifo kwa ujumla havikupungua kwa kiwango cha kuthibitika. Lakini kurudiwa na kifua kikuu kulipungua kwa asilimia 45.

Soma matokeo hayo kwa utulivu, kwa sababu ndiyo moyo wa makala hii. Katika nchi yetu wenyewe, kwa wagonjwa wetu wenyewe, vitamini hazikuchukua nafasi ya dawa. Zilifanya kile ambacho chakula hufanya: zilirudisha nyama kwenye mifupa na kuuzuia ugonjwa usirudi. Mwaka 2023 India ikamalizia sentensi hiyo. Katika jimbo la Jharkhand, familia za wagonjwa zilipewa vikapu vya nafaka na kunde pamoja na vitamini, na visa vipya vya kifua kikuu miongoni mwa wanafamilia vilipungua kwa karibu asilimia 40. Wanafamilia hao walikuwa bado wazima. Nchi ile ile iliyotufundisha mwaka 1959 kwamba mgonjwa hahitaji karamu ilitufundisha, miaka 64 baadaye, kwamba jirani yake anahitaji mlo.

Na ule ujumbe wa kwenye simu ya shangazi? Una chembe ya kweli, na ndiyo maana ni hatari. Mwaka 2013 watafiti wa New York walionyesha kwamba vitamini C kwa wingi huua bakteria wa kifua kikuu ndani ya chupa ya maabara. Lakini angalia namna inavyoua: ikikutana na madini ya chuma, vitamini C huzalisha zile zile kemikali za kuunguza. Yaani pale haikuzima moto, iliuwasha. Vitamini C ni msumeno. Hukata mbele na nyuma. Kinachotokea katika chupa hakituambii kitakachotokea katika ubongo wa mtoto uliokwisha kuvimba, na hadi leo vitamini C haimo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu ugonjwa huu. Kilichothibitishwa kuutuliza moto ni steroidi. Utafiti wa Vietnam wa mwaka 2004, uliohusisha wagonjwa 545, ulionyesha kuwa deksamethasoni ikiongezwa kwenye dawa za kifua kikuu hupunguza vifo kutoka takriban 41 hadi 32 katika kila wagonjwa 100. Hata hiyo haikupunguza ulemavu mkubwa. Hata leo, karibu mtoto mmoja kati ya watano wanaotibiwa ugonjwa huu hufa, na zaidi ya nusu ya wanaopona hubaki na athari katika ubongo.

Siasa ya limau

Kuna sababu nyingine ya mimi kutomjibu shangazi kwa maneno mepesi. Tumeona vitamini zikigeuzwa kuwa silaha ya kisiasa.

Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Dar es Salaam wa wanawake wajawazito 1,078 wenye VVU. Ulionyesha kuwa vitamini B, C na E huchelewesha kuendelea kwa ugonjwa. Watafiti walisema wazi kuwa hiyo si mbadala wa dawa za kufubaza virusi. Mwaka uliofuata, mfanyabiashara wa vitamini Matthias Rath aliutumia utafiti huo huo katika matangazo nchini Afrika Kusini akiwaambia watu maskini kwamba dawa ni sumu na vitamini ndizo tiba. Watafiti wa Harvard walioshiriki katika kazi hiyo walijitokeza kumkanusha. Waziri wa Afya wa huko naye alikuwa akisifia bitiruti, limau na kitunguu saumu. Mahakama Kuu ya Cape ilitoa hukumu dhidi ya Rath mwaka 2008, lakini muda uliopotea haukurudi. Takwimu za wanawake wa Dar es Salaam zilisafiri hadi Cape Town, zikawazuia watu wasimeze dawa.

Nasi hatuna haki ya kuwacheka jirani. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya maili na maili kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na viongozi walikuwa miongoni mwa wanywaji. Mwaka 2020 malimau na tangawizi vilipanda bei sokoni, tukajifukiza. Simdharau aliyefanya hivyo. Mtu hukimbilia limau pale anapoona zahanati iko mbali, au iko karibu lakini haina kipimo, au ina kipimo lakini haina anayemsikiliza. Uvumi ni kodi inayolipwa na watu ambao serikali yao haizungumzi nao kwa lugha wanayoielewa.

Lakini kuna uongo wa upande wa pili pia, nao husemwa na sisi wasomi: kwamba kwa kuwa limau si dawa, basi suala la chakula limekwisha. Uongo huu hausambazwi kwa simu. Husambazwa kwa bajeti.

Sahani ya Lagangabilili

Tuiangalie basi sahani yenyewe. Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na pamba hailiwi. Wakati wa kiangazi, chakula cha nyumba nyingi ni ugali na mboga zilizohifadhiwa: nsansa ya majani ya kunde, na viazi vilivyokaushwa vikawa michembe au matobolwa. Ni hekima kubwa ya kuhifadhi chakula, nami nimekulia humo. Lakini vitamini C haivumilii jua wala moto. Majani yaliyoanikwa juani kisha yakachemshwa muda mrefu hubakiwa na kidogo sana. Wakati huo huo, ubuyu unaoning'inia porini una vitamini C mara kadhaa ya chungwa kwa uzito ule ule, na mapera nayo hulizidi chungwa. Watoto wa rika langu tuliokota ubuyu, ukwaju na furu katika ngitili tukichunga ng'ombe, bila mtu kutuambia kuwa ni lishe. Ngitili nyingi zilikuwa zimekufa. Mradi wa kuhifadhi ardhi ulioanza mwaka 1986, Simiyu ikiwa bado Shinyanga, ulizifufua kwa sababu ya malisho na udongo. Hakuna aliyezihesabu kama ghala la vitamini, ingawa zilikuwa hivyo.

Kwa watumishi wa umma mnaosoma hapa, nina mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji maabara mpya ya kimataifa.

Kwanza, mtoto mwenye homa na kutapika kwa zaidi ya juma moja, ambaye dawa ya malaria haijamsaidia, apewe rufaa siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu huchukua majuma kadhaa kukomaa. Majuma hayo ndiyo tofauti kati ya mtoto anayecheza na mtoto anayeburuta mguu. Chanjo ya BCG anayopewa mtoto anapozaliwa humkinga kwa kiasi kikubwa dhidi ya aina hii ya kifua kikuu, lakini si kwa ukamilifu. Kovu begani lisimfanye mhudumu aache kushuku.

Pili, mtu mzima anapogundulika kuwa na kifua kikuu, watoto wa nyumba ile wafuatwe na kupewa dawa za kinga. Mtoto wa miaka 3 huambukizwa na mtu mzima anayemlea. Katika kisa cha nyumbani kwetu, hakuna aliyewahi kuuliza nani alikuwa akikohoa.

Tatu, nyumba hiyo ipewe chakula. Tuna mfuko wa kusaidia kaya maskini, TASAF. Tangu Desemba 2017 wakuu wa mikoa wamekuwa wakitia saini mikataba ya lishe, na halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5. Nchi yetu imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Ofisa lishe na mratibu wa kifua kikuu wa wilaya wangekaa meza moja mara moja kwa mwezi na orodha moja ya kaya, nusu ya kazi ingekuwa imefanyika.

Nne, tuzungumze na watu. Mgonjwa aambiwe kwa Kisukuma au kwa Kiswahili chepesi kwamba chungwa na kidonge si maadui, na kwamba kimoja hakifanyi kazi ya kingine.

Siku ya kuondoka nilikaa tena na shangazi chini ya mwembe. Nilimweleza haya yote kwa njia fupi: kwamba malimau yasingeuzima moto ule, kwamba dawa ndizo zilizomwokoa mjukuu wake, na kwamba kilichomwibia mguu ni majuma matatu ambayo watu wengine, wenye mishahara, walipaswa kuyaona. Nilimwambia pia kwamba chakula kizuri ni kinga ya nyumba nzima, wala si ushirikina.

Alinyamaza kidogo. Mjukuu alikuwa pembeni akimung'unya ubuyu, vidole vimekuwa vyeupe kwa unga wake.

"Basi huu ubuyu niendelee kumpa?" aliuliza.

"Mpe, Shangazi," nikamwambia. "Ni chakula."